Kiangazi Alichobaki Nyumbani

Jina lake la kuzaliwa lilisahaulika zamani, hata yeye mwenyewe akiitwa hilo alikuwa hageuki. Watu walimwita Timazi, kwa ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo waashi huining'iniza kuona kama ukuta umesimama wima au umelewa. Akikaribishwa chai kwa mtu, atasalimia vizuri, ataulizia wagonjwa na mifugo, lakini jicho limeshafika kwenye pembe ya ukuta. Akiona imepinda huuliza kwa upole, "Aliyejenga hapa bado yuko hai?"

Kinyozi hajinyoi. Nyumba yake mwenyewe, pale juu mlimani, ilikuwa na lipu mbele tu. Nyuma matofali yalikuwa wazi, na kila mwaka alimwahidi mkewe kwamba mvua hii haitapita kabla hajaimaliza. Mvua ilipita, na nyingine, na mke akaacha kuuliza.

Timazi alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hauna dawa: alikuwa anajua. Ukimweleza jambo, hujafika katikati, ameshakwambia "Najua." Njia ya kwenda mahali asipowahi kufika, anaijua. Habari ya mtu aliyekufa asubuhi ile ile, anaijua. Hakuwa na kiburi hata kidogo, wala hakuwa akidanganya kwa makusudi. Ni vile tu hakupenda kumsumbua mtu amalizie sentensi. Mtu kama huyo anaweza kuishi na wewe miaka na miaka, mkapendana kweli, na bado kuna mambo yako asiyasikie.

Mkewe walimwita Mama Nyuki. Watoto Mungu hakuwajalia, na mdomo wa watu hauwezi kumwacha mwanamke mzima hivi hivi bila kumtafutia wa kumwita mama. Alikuwa na mizinga kadhaa ya magogo, iliyoning'inia kwenye miti kushuka shambani, na mmoja mkongwe kuliko yote aliouweka kwenye nguzo nyuma ya jiko. Mlango wa mzinga ule ulitazamana na mlango wa jiko. Akiosha vyombo anawaona wakiingia na kutoka, miguu imejaa chavua ya njano, na anawasemesha kwa kunung'unika kama anavyomsemesha mtu wa nyumbani. "Leo mmechelewa. Mlikuwa wapi?"

Sasa, lazima ujue kazi ya uashi ilivyo. Masika si wakati wa kujenga. Udongo unateleza, malori yananasa, ukuta ukipigwa na mvua kabla haujakauka unarudi kuwa tope. Kwa hiyo mvua ilimkuta Timazi nyumbani, analima, anakula, ananenepa. Mbingu zikikauka tu, simu ya msimamizi inalia, naye anafunga mwiko, pimamaji na timazi kwenye begi, anashuka mijini. Hurudi pale mvua za kwanza zinapowafukuza mafundi kazini. Ndivyo alivyoishi tangu waoane, bila kukosa mwaka.

Na kila aliporudi aliwakuta nyuki wamejaa tele, mizinga inavuma, mikaratusi na miparachichi imechanua, na mkewe kasimama mlangoni anajifuta mikono kwenye kanga. Timazi alikuwa anatua begi na kuanza utani wake ule ule.

"Mke wangu, hawa ndio waume. Mimi nazurura huko, wao wako hapa hapa wanakulindia nyumba."

Mama Nyuki alicheka, mkono mdomoni, akamwongezea chai. Hakuwahi kumjibu.

Ugonjwa wa kifua ulimpata mke katikati ya masika. Zahanati wakampa dawa, hospitali wakampa nyingine, mwisho wakampa ruhusa ya kurudi nyumbani kwa sauti ile ya chini ambayo kila mtu anaielewa. Timazi alimhamishia kitanda karibu na dirisha la nyuma ili asikie nyuki wake. Alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko, na usiku alilala sakafuni pembeni yake asije akamwegemea kifua. Sitaki mtu adhani hakumpenda. Alimpenda, na ndiyo maana mambo haya yanauma.

Alasiri moja mke alifungua macho.

"Nyuki wangu," alisema.

"Nitawaangalia. Nakuahidi."

"Kiangazi kikianza, utaona wana..."

"Najua," Timazi akasema, akamvutia shuka. "Najua, mke wangu. Wewe pumzika, usijichoshe."

Mama Nyuki akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyeamua kutobishana, akafumba macho. Alifariki wiki ile ile, mvua ikinyesha, na nyuki hawakutoka siku hiyo kwa sababu ya baridi.

Msiba ulipoisha na watu wakatawanyika, Timazi aligundua kwamba nyumba aliyoijenga kwa mikono yake hakuijua. Hakujua chumvi inawekwa wapi. Hakujua kwamba mlango wa jiko usipokazwa na jiwe unagonga usiku kucha. Mahali pekee alipoweza kupumua ni pale nyuma, juu ya ndoo iliyogeuzwa, mbele ya mzinga wa jikoni. Nyuki wale walikuwa wake sasa, kwa maana ya kwamba ndio kitu pekee alichokuwa amekabidhiwa na mkewe kwa mdomo wake. Vyombo vilibaki, nguo zilibaki, lakini nyuki alipewa na akaahidi.

Alijifunza kwa kuumwa. Siku ya kwanza alikaa kwenye njia yao ya kurukia, wakamchoma kope, akazunguka na jicho moja hadi wauza duka wakamuuliza amepigana na nani. "Na wake wenza wa marehemu," aliwajibu. Polepole akaelewa asimame wapi. Akajua kwamba jua likizama wote hurejea, hakuna anayelala nje. Akajua harufu ya nta yenye joto, na ule mvumo wa chini wa jioni uliomfanya aweze kuingia ndani na kulala.

Mvua zilipokatika, simu ikalia.

"Fundi, kuna ghorofa huku. Tunakusubiri," alisema msimamizi.

"Mwaka huu sishuki."

"Unaumwa?"

"Mzima. Nina kazi nyumbani."

"Kazi gani kiangazi chote hiki?"

"Nyuki wa mke wangu."

Msimamizi alikuwa mtu wa kelele, lakini hakubishana. "Haya, fundi," alisema. "Pole tena."

Basi kwa mara ya kwanza tangu aoe, Timazi alibaki mlimani kiangazi. Hakuwahi kuona jinsi mahali pale panavyokauka. Maua ya mikaratusi yaliishia chini yakawa kama makapi. Maharage yalivunwa, majani ya kando ya njia yakageuka rangi ya mkate, vumbi likapanda mpaka kwenye masufuria. Upepo ulitoka bondeni mchana na kurudi jioni mikono mitupu.

Siku moja asubuhi alishuka shambani akakuta mzinga wa mwisho kabisa, ule wa karibu na kijito, uko kimya. Aliuwekea sikio. Aligonga. Akaufungua, akaona masega yamebaki matupu, makavu, safi kabisa, kama nyumba ambayo wapangaji wameifagia kabla ya kuondoka. Hapakuwa na nyuki hata mmoja, wala mzoga.

Alisimama pale na mfuniko mkononi. Hakuwa amevuna asali. Hakuwa amewasumbua. Alijiuliza amekosea wapi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kujua, hakwenda kumuuliza mtu. Angeanzaje? Mke kafa juzi, na mume ameshashindwa kutunza kitu kimoja alichoachiwa? Alirudi nyumbani, akachukua karai, akajaza maji, akaweka mawe ndani wapate pa kutua wakinywa. Kila siku akayabadilisha. Aling'oa magugu chini ya kila mzinga. Aliua siafu kwa majivu ya moto. Mzinga mwingine ukahama. Kisha mwingine.

Wa nne walihama akiwaona. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Walimwagika nje kwa fujo, wakazunguka hewani wingu zima, mvumo wake unasikika tumboni. Wakatua kwenye tawi la mparachichi, wakaning'inia kidogo, kisha wakanyanyuka wote pamoja wakaelekea bondeni. Timazi alishika mfuniko wa sufuria na mwiko wa kupikia, akawafuata akigonga, kwa sababu aliwahi kusikia utotoni kwamba kelele huwatuliza wakashuka. Alikimbia mashambani mwa watu na mabuti yake ya mpira, mzee mzima, anagonga mfuniko, machozi na jasho haijulikani kipi ni kipi, mpaka pumzi ikakata karibu na mashine ya kusaga. Wingu likapita juu ya miti na kupotea.

"Fundi, unafukuza nini?" mwanamke mmoja kwenye foleni ya mashine akamuuliza.

"Nanyoosha miguu," alisema, akaficha mfuniko mgongoni.

Wangapi pale foleni wangeweza kumweleza kwa sentensi moja? Karibu wote. Lakini hakuuliza, na wao haikuwapitia kichwani kwamba mume wa Mama Nyuki hajui kitu ambacho watoto wao wanakijua.

Akabaki na mzinga mmoja, ule wa jikoni. Alihamishia kiti pale. Alikula pale. Na kwa sababu sasa alikuwa ameona dalili mara nyingi, alizitambua: hawaleti chavua tena, wanakimbiakimbia ovyo kwenye kizingiti, jioni wananing'inia nje ya mlango kwa fundo kubwa kana kwamba wamekwisha fungasha. Aliwaambia kwa sauti, "Nyinyi hapana. Nyinyi msiniache." Hakuona aibu. Hapakuwa na mtu wa kumwonea aibu.

Alifikiri sana, na akafikiri kama mwashi. Kitu kisichotakiwa kutoka, kinajengewa.

Alingoja jua lizame, wote wamerejea ndani. Akachemsha maji ya sukari, akayaacha yapoe, akayasukumiza ndani kwenye kisahani ili wasife njaa. Akachekecha udongo mwekundu, akauchanganya na saruji kidogo iliyobaki kwenye mfuko wa zamani, akaukanda mpaka ukawa laini. Akaziba mlango wa mzinga, kisha nyufa zote za gogo, polepole, akilainisha kwa mgongo wa mwiko. Sijui kama aliwahi kupiga lipu nzuri kuliko ile maishani mwake. Halafu akachukua waya wa mwavuli akatoboa vitundu vidogo vya hewa, vyembamba kiasi kwamba nyuki hapiti.

"Mnisamehe," aliwaambia. "Ni mpaka mvua tu. Mvua zikija nitafungua."

Asubuhi aliamshwa na mvumo. Hakuwahi kuusikia mkubwa hivyo, mzinga mzima ulikuwa unatetemeka ukiuwekea kiganja. Akadhani ni kazi. Akadhani wamekubali, wameona hakuna pa kwenda, wameamua kujenga. Alikunywa chai yake pale pale akiwasikiliza, akatia sukari mara mbili, akala ndizi na akasikia utamu wa chakula kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nitasema ukweli: asubuhi ile Timazi alikuwa na furaha. Alitandika kitanda. Aliimba kidogo. Alitoka na pimamaji akapima ukuta wa nyuma, akajiambia wiki hii hii anaanza lipu ambayo marehemu aliingoja.

Mchana jua likaliangukia lile gogo. Kutoka kwenye ufa mmoja alioukosa, kitu chenye kunata kikaanza kutiririka, cha rangi ya kahawia, cha moto. Alikigusa kwa kidole akalamba. Asali na nta. Akacheka peke yake. "Mpaka inamwagika!" Jioni mvumo ulipungua, ukawa mdogo, ukaisha. Akawaambia usiku mwema. Alijua wamezoea.

Siku iliyofuata alikuja shemeji yake, mdogo wa marehemu, mshonaji mwenye karakana ya vyerehani viwili ng'ambo ya mlima. Alikuwa amekuja na unga na mboga, maana alijua mwanamume huyu atakuwa anaishi kwa chai.

"Shemeji, umekonda umekuwa kama ufito," alisema akitua kikapu. "Dada akifufuka leo atadhani kaolewa na fagio."

"Na wewe umenenepa, nani kasema siku hizi vitambaa vinaliwa?"

Walicheka, kwa sababu ndivyo walivyozoea, na mara moja wote wawili wakakumbuka nani hayupo, kicheko kikafa. Timazi akamshika mkono. "Njoo nikuonyeshe kitu. Wengine wote wamenitoroka, siwezi kukuficha. Lakini hawa nimewazuia."

Akampeleka nyuma ya jiko. Shemeji alisimama. Alitazama ule udongo uliolainishwa, vile vitundu, alama ya ule mtiririko uliokauka kwenye nguzo na sisimizi waliojipanga juu yake.

"Nani kaziba?"

"Mimi."

"Lini?"

"Juzi jioni."

Hakupiga kelele. Alichukua mwiko uliokuwa umeegemezwa ukutani, akagonga lipu ile mara mbili tatu mpaka ikabanduka. Harufu ikatoka kwanza, nzito, tamu, imeoza. Kisha wakaanza kudondoka. Walitoka kwa mabonge, wameloa, wamegandamana kwa asali yao wenyewe na nta iliyoyeyuka, wakaanguka chini kama maharage kutoka kwenye gunia lililotoboka, na waliendelea kuanguka muda mrefu. Wengi walikuwa wamebanana pale mlangoni, vichwa vimeelekea kwenye vitundu.

Timazi alipiga magoti. Aliingiza mkono ndani hadi kwenye kiwiko akatafuta, akatoa kiganja kilichojaa, akapuliza kwa pumzi yake kama mtu anayeamsha moto. Akapuliza tena. "Niliwatobolea hewa," alisema. "Niliwapa na chakula."

"Joto, shemeji. Ukiwafungia wanahangaika, wakihangaika wanapata joto, mpaka wanajipika wenyewe."

"Walikuwa wanaondoka!"

"Ndiyo."

"Wenzao wote wameondoka. Nimemwahidi dada yako. Nimemwahidi kwa mdomo wangu, na kila siku wanaondoka, kila siku..."

"Shemeji." Alichuchumaa mbele yake. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeingia chumba chenye mgonjwa. "Wanaondoka kila mwaka."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Timazi hakusema anajua.

"Kiangazi huku juu hakuna ua hata moja la kula," shemeji alisema. "Wanashuka bondeni, kule mtoni miti inachanua wakati huu. Wanakaa huko. Mvua zikija, huku kukichanua, makundi yanapanda tena yanaingia kwenye mizinga. Dada alikuwa anaisafisha, anaipaka nta ndani ili wasikie harufu, halafu anakaa anawasubiri."

"Kila mwaka?"

"Tangu alipoletwa hapa. Nilidhani mwishoni alikwambia."

"Lakini mimi nikirudi nawakuta."

"Wanakutangulia. Siku chache tu kabla yako. Dada akisikia mzinga huu umeanza kuvuma alikuwa ananipigia simu, ananiambia, 'Hawa wamefika. Bado mmoja.'"

Jua lilikuwa limeshapanda, na nzi walianza kuja. Timazi aliweka wale nyuki chini taratibu, mmoja mmoja, ingawa haikuwa na maana yoyote. Alikuwa anaona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika miaka yote: jiko hili, mwanamke huyu anaosha sahani moja na kikombe kimoja, mbele yake mzinga mtupu, upepo na vumbi, hakuna sauti. Kiangazi baada ya kiangazi. Na yeye anarudi na begi lake na ule utani wake.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimwambia akwambie. Alisema ukijua anabaki peke yake kabisa, utakuwa unashuka na mawazo, na mtu wa kupanda ghorofani hatakiwi kuwa na mawazo. Alisema wacha aamini nina watu."

Timazi alifuta uso kwa mkono wenye asali, ukabaki unanata na vumbi. Alitaka kuuliza na alikuwa anaogopa kuuliza. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini huyu hata mjukuu hakuwa naye wa kumwambia.

"Alikuwa analia?" aliuliza mwishowe. "Wakiondoka. Nyuki wakiondoka, alikuwa analia?"

Shemeji yake alimtazama muda mrefu, macho yamejaa, kama anayepima kama ukuta huu utabeba.

"Nyuki?" alisema. "Aa, shemeji. Nyuki, dada alijua watarudi."